Sikio

Nyumba yetu ya Jadida, pale Wete, iliishi kwa kofia.
Kofia ndizo zilizolipa unga, ada ya skuli, bati la jikoni.
Mama alitoboa jicho likiwa mlangoni,
ulimi ukiitikia hodi ya jirani,
na tundu zikajipanga kama punje kwenye suke la mtama.
Dada Time alirithi.
Hata Asaa, na vidole vyake vya kuchumia karafuu, alirithi.

Mimi nilirithi sindano tu.

Kofia yangu ya kwanza ilipinda
kama chungu kilichoanguka kabla ya kuchomwa.
Ya pili niliitia damu.
Ya saba Mama aliigeuza nje, akaigeuza ndani,
akanyamaza, akanituma nikakune nazi.
Shangazi Nachia ndiye aliyesema:
"Huyu Mize vidole vyake havina macho."
Wakacheka. Na mie nikacheka.
Usiku, kwenye kibatari, niliitazama mikono yangu
kama wageni waliokawia kuondoka.

Nikamuomba Mungu mikono.
Sikumuomba mali, sikumuomba mume;
nilimuomba mikono ya Time.
Alfajiri kwa alfajiri, miaka mitatu, ombi lile lile,
mpaka nikaona haya kulirudia.

Na wakati wote huo nasikia.
Mfereji wa msikitini ukikohoa mara mbili kabla ya kutema maji.
Baiskeli ya mwalimu Hamad ikipita na gololi moja iliyovunjika.
Feni ya dukani ikinung'unika, upande wa kushoto tu.
Nilidhani kila mtu anasikia.
Ndiyo maana sikumwambia mtu.
Nani humwambia mwenzake kwamba chumvi ina chumvi?

Msimu mmoja wa karafuu, majamvi yametanda
hata paka hana pa kupita,
cherehani ya Bi Riziki ikagoma, siku sita kabla ya Sikukuu.
Fundi wa Chake alishaifungua mara mbili,
akapokea pesa mara mbili.
Mie nilitumwa kanzu ya Asaa.
Bi Riziki akakanyaga. Tk. Tk. Tksss.
"Ni chini," nikasema.
"Kuna kitu kinasugua kabla sindano haijafika."
Sikujua kama nimesema kwa sauti.
Akanitazama kitambo. Akanipa bisibisi.

Mikono hii, hii hii isiyoiona tundu ya kofia,
ikashuka ndani ya chuma ikifuata ule mlio
kama mtu anavyoshuka ngazi za kwao gizani.
Kijiuzi cha samawati, kiduchu, kimejizonga nyuma ya bobini.
Nikakitoa. Tone la mafuta.
Akakanyaga, na cherehani ikatiririka
kama mtoto aliyekwisha hifadhi sura yake.

Nikalia. Bi Riziki alidhani nimejikata.

Sasa nina meza yangu, njia ya Limbani.
Zinakuja kutoka Konde, kutoka Micheweni;
moja ilivushwa kutoka Kojani imeviringwa kanga kama mgonjwa.
Wapo wanaofika wakauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?"
Nawaambia kaeni, nyamazeni, niisikilize.

Na sala yangu imekuwa fupi:
nilikuwa nakuomba mikono, kumbe ulishanipa sikio.
Nisamehe kwa zile kelele.

Mama masikio yake yanazimika.
Jioni hukaa ubavuni mwangu na kofia mapajani,
aniulize kwa sauti ya juu: "Ile ya Konde, inasemaje?"
Namweleza karibu na shavu.
Huitikia kwa kichwa, akatoboa bila ya kutazama.

Kofia yangu ya saba hakuitupa.
Natilia skrubu.
Zile ndogo hunitoroka,
kwenye tundu nilizozitoboa kubwa mno.